Tiba mtandao ya afya ya akili kwa mahabusu na wafungwa Dar es Salaam: mwongozo kamili wa kuianzisha

Chukua kijana aliyekamatwa Manzese Ijumaa usiku. Ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, dawa zake ziko nyumbani, kadi ya kliniki iko kwenye mkoba wa mama yake. Jumamosi na Jumapili analala kituoni. Jumatatu anapandishwa karandinga kwenda mahakamani, dhamana inashindikana, jioni anapokelewa gerezani. Kila aliyempokea amejaza karatasi zake vizuri, ila hakuna karatasi iliyoandika kwamba huyu mtu anatumia dawa. Wiki ya pili anaanza kuongea peke yake usiku, wenzake hawalali, na askari wanamwona mkorofi.

Watu wengi wakisikia teknolojia na afya ya akili, wanafikiria programu ya simu inayokufundisha kuvuta pumzi taratibu. Gerezani simu ni marufuku, kwa hiyo mipango ya namna hiyo inaishia getini. Msimamo wangu ni huu: mgonjwa anapotea pale anapokabidhiwa, yaani kutoka kituoni kwenda mahakamani, mahakamani kwenda gerezani, gerezani kwenda hospitali, kisha uraiani. Hapo ndipo fedha na vifaa viende kwanza. Mwongozo huu wa tiba mtandao, yaani kumhudumia mgonjwa kwa simu au video daktari akiwa mbali, ni wa matabibu na wauguzi wa zahanati za magereza, maafisa ustawi wa jamii, maafisa probesheni, wanasheria wa msaada wa kisheria, na asasi zinazotaka kusaidia bila kuharibu.

Hatua ya 1: Chora njia ya mgonjwa mmoja

Chukua karatasi kubwa uandike vituo vyote anavyopita mtu mmoja tangu akamatwe hadi arudi kwao. Kwa Dar es Salaam utakuta kituo cha polisi, mahakama ya mwanzo au Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, kisha gereza la Keko au Segerea kwa mahabusu, au la Ukonga. Pembeni kuna hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, na juu yake Muhimbili. Kwa amri ya mahakama, wengine hupelekwa Dodoma, kwenye hospitali ya akili ya Mirembe na taasisi ya Isanga. Mtoto ana njia yake: Mahabusu ya Watoto iliyoko Upanga na Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Usimchanganye kwenye mfumo wa watu wazima.

Kwenye kila kituo jibu maswali manne. Nani anampokea? Anaandika wapi? Anamuuliza nini kuhusu afya? Karatasi hiyo inaishia wapi? Ukimaliza utaona mapengo kama sita hivi. Chagua moja. Ushauri wangu ni kuanza na mapokezi ya gerezani yakiunganishwa na hospitali moja ya rufaa, kwa sababu pale tayari kuna zahanati, kuna rejista na kuna mtu wa zamu. Kituo cha polisi kina shida kubwa zaidi, lakini watu hukaa pale muda mfupi na mafunzo unayotoa leo yanahama na uhamisho wa askari.

Hatua ya 2: Ruhusa kabla ya kununua chochote

Nimeona vishikwambi vipya vikikaa kabatini mpaka betri zikavimba kwa sababu barua ya ruhusa ilikuwa bado inapanda ngazi. Mkuu wa gereza anaweza kukupenda sana, ila hawezi kukuruhusu peke yake kuingiza kifaa chenye kamera na intaneti ndani ya ukuta. Barua inakwenda makao makuu ya Jeshi la Magereza, Dodoma. Iandike kwa ufupi: vifaa vingapi, vitakaa wapi, nani atashika ufunguo, kamera itaelekea wapi, na nani atalipia bando mradi ukiisha. Hospitali nayo isaini ikitaja siku na saa za daktari. Ahadi ya kwamba daktari atapatikana akihitajika haina kazi, maana daktari bingwa wa afya ya akili ana foleni yake ndefu tayari.

Kisha sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 nayo inahusu namna mtu anavyopokelewa na kutibiwa, pamoja na asiyeweza kujiamulia. Ukitaka kuzitumia takwimu zako kwa utafiti, hilo ni jambo jingine lenye kibali chake, usiliingize kwa mlango wa nyuma.

Halafu andikeni nani anaona nini. Kipengele hiki ndicho kinachoamua kama wafungwa watawaamini au la, kwa hiyo kaeni nacho. Daktari na muuguzi wanaona faili lote. Afisa ustawi anaona mawasiliano ya familia na tarehe za kliniki. Askari wa zamu anahitaji kujua mambo ya usalama tu: huyu asilale peke yake, huyu apewe dawa saa 2 usiku, huyu akibadilika aitwe muuguzi. Jina la ugonjwa halimsaidii askari, na likishafika kwenye korido litafika kwa nyapara, na likifika kwa nyapara seli nzima inajua. Wapelelezi na waendesha mashtaka hawaoni chochote bila amri ya mahakama. Kishawishi kitakuja pia cha kumtumia mfungwa anayejua kuandika aingize taarifa za wenzake. Kataa, hata kama rejista imelimbikizana.

Kama kuna mtu kwenye kikao anaona haya ni makuu, mweleze habari ya Vastaamo, kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Ufini. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa wake zimeibwa. Mwizi aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai fedha, la sivyo atayaanika yale waliyomwambia mtaalamu wao. Hao walikuwa watu huru wenye wanasheria. Kwa mahabusu ambaye kesi yake bado inatajwa, hatari haiishii kwenye aibu.

Tanzania kuna jambo la kuongeza uzito. Kujaribu kujiua bado ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Kwetu kifungu kipo. Kwa hiyo muuguzi anapoandika kwenye mfumo kwamba mtu alijaribu kujidhuru, ajue anaandika kitu ambacho kinaweza kugeuzwa ushahidi. Aandike kinachohitajika kwa matibabu, kwa lugha ya kitabibu, na kibaki ndani ya faili la tiba.

Hatua ya 3: Chumba na vifaa

Kishikwambi kimoja cha zahanati kinatosha kuanzia, cha aina ileile ya vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Kifungwe kiasi kwamba kinafungua programu ya tiba tu: hakuna WhatsApp, hakuna picha, hakuna kurekodi. Kila muuguzi awe na nywila yake. Nywila moja ya zahanati nzima, iliyobandikwa ukutani kwa selotepu, inamaanisha hamtajua kamwe nani alifungua faili la nani.

Weka laini za mitandao miwili tofauti kwenye ruta, na betri ya kuhimili umeme ukikatika. Programu iwe inayoweza kuhifadhi taarifa bila intaneti, kisha ikazituma mtandao ukirudi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilijua maana ya kutegemea njia moja. Kama hospitali mnayoshirikiana nayo inatumia GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za hospitali, namba ya faili ya mgonjwa iwe ileile pande zote mbili. Msitengeneze mfumo mpya wenye namba zake.

Sasa chumba. Mgonjwa akae akitazama mlango, kishikwambi kiwe juu ya meza na skrini isionekane dirishani. Mpe hedifoni, kwa sababu bila hiyo sauti ya daktari itasikika nje hata mkifunga mlango. Askari akae mahali anapoona bila kusikia. Jaribuni wenyewe: mmoja akae kwenye kiti cha askari, mwingine aongee kwa sauti ya kawaida, kisha asogezwe mpaka maneno yapotee. Wekeni alama sakafuni. Fanyeni jaribio hilo siku tulivu na mlirudie siku ya mvua, maana masika yakianza kupiga bati, mgonjwa hupaza sauti bila kujua.

Hatua ya 4: Uchunguzi wa mapokezi

Anza na mwili, hata kama fomu iko wazi kwenye ukurasa wa akili. Aliyechanganyikiwa ghafla anaweza kuwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa alilolipata wakati wa kukamatwa, au sukari iliyoshuka. Mpime joto, sukari na malaria kabla ya kumwita mgonjwa wa akili.

Pili, uliza pombe na unga waziwazi, bila kuhubiri. Mtu aliyekuwa anakunywa gongo kila siku anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili hadi ya nne ndiyo ya hatari zaidi ya kuweweseka, jasho na kutetemeka, hali inayoweza kuua. Wa heroini atapata arosto: kuhara, maumivu ya viungo, kukosa usingizi. Kama alikuwa kwenye kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, ya Muhimbili, Temeke au Mwananyamala, pigia kliniki siku hiyohiyo. Hiyo simu moja ni tiba mtandao pia, na pengine ndiyo yenye faida kuliko zote utakazofanya wiki hiyo.

Ndipo yaje maswali ya akili. Kuna vipimo viwili vinavyotumika sana na vinapatikana kwa Kiswahili: SRQ-20, yenye maswali 20 ya ndiyo au hapana kuhusu dalili za msongo wa akili, na PHQ-9, inayopima sonona kwa wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 inahitaji ufuatiliaji. Vyote vinaingia kirahisi kwenye kishikwambi. Ila kwa mtu aliyeingia gerezani juzi, majibu ya usingizi na hamu ya kula yatapanda kwa kila mtu, kwa sababu seli imejaa na chakula ni kigeni. Msimhukumu mtu kwa jumla ya alama za siku ya kwanza. Rudieni baada ya wiki mbili, na siku ya kwanza tazameni zaidi mambo matatu: historia ya matibabu, kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, na swali la tisa la PHQ-9, linalouliza mawazo ya kufa au kujidhuru.

Swali hilo la tisa liwekwe hivi kwenye programu: jibu lolote zaidi ya sifuri lisiruhusu kufunga fomu mpaka muuguzi aandike amemwambia nani, mgonjwa atalala wapi usiku huo, na nani atamwangalia. Na asiachwe peke yake kwenye chumba cha pekee kwa jina la usalama. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinakataza kumtenga mtu mwenye ugonjwa wa akili pale kutengwa kunapomzidishia.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko programu. Muuguzi akisoma kutoka kwenye skrini bila kuinua macho, atajibiwa hapana mara ishirini. Afadhali aanze hivi: “Kaka, pole na safari. Hapa mimi ni muuguzi, siulizi habari za kesi yako. Nataka kujua usiku unalalaje, na kama kuna dawa ulikuwa unatumia nyumbani.” Majibu aandike baadaye kidogo. Kwa mwanamke ongeza maswali ya ujauzito, kujifungua karibuni, na ukatili aliofanyiwa, na aulizwe na mwanamke.

Mwisho wa mapokezi omba namba ya simu ya ndugu mmoja, kwa ridhaa ya mgonjwa. Huyo mama wa Manzese mwenye kadi kwenye mkoba anaweza kusoma jina la dawa na kipimo chake kwa simu ndani ya dakika mbili.

Hatua ya 5: Kliniki ya video

Panga siku kwa kuangalia ratiba ya mahakama. Kliniki ikiangukia siku ambayo nusu ya wagonjwa wamekwenda kutajwa, daktari atakaa anatazama kiti kitupu. Kabla ya kuunganisha, muuguzi atume muhtasari wa mistari mitano: shida, dawa anazotumia, vipimo vya mwili, hatari, na swali analotaka lijibiwe. Daktari asiposoma huo muhtasari, dakika kumi za kwanza zinaishia kwenye jina na umri.

Daktari ajitambulishe, aoneshe chumba chake kwa kamera ili mgonjwa aone hakuna mtu mwingine, na aulize ridhaa. Ridhaa ya mtu aliyefungwa ina mashaka yake, kwa hiyo aambiwe wazi kwamba akikataa video ataendelea kuhudumiwa na zahanati kama kawaida, na kukataa hakuandikwi kama utovu wa nidhamu. Mtu anayeamini kwamba televisheni inamsema, au kwamba serikali imempandikiza mtambo kichwani, usimkalishe mbele ya skrini siku ya kwanza. Mpeleke hospitali, au daktari aje.

Kwa wanaotumia haloperidoli au klopromazini, dawa za magonjwa kama skizofrenia, msiishie kwenye mazungumzo. Muuguzi asogeze kishikwambi nyuma, mgonjwa asimame, atembee hatua chache na kurudi, huku daktari anaangalia kama mikono inabembea au imekakamaa. Anyooshe vidole, avigonganishe kidole gumba na cha shahada haraka. Muuguzi akunje na kukunjua kiwiko cha mgonjwa na aseme anachohisi, maana mkazo wa misuli hauonekani kwa kamera. Muulizeni kama anaweza kukaa ametulia bila kusogeza miguu. Kuna wanaopata mhangaiko wa miguu kutokana na dawa hizi, wanazunguka seli usiku kucha, na askari anaandika kwamba mfungwa anafanya fujo. Daktari akipunguza kipimo au kubadilisha dawa, ile “fujo” inaisha.

Dawa ziagizwe kwa kuangalia kilichopo. Hakuna faida ya daktari kuandika dawa ambayo zahanati haijaipata na ndugu hawana uwezo wa kuinunua. Kwa anayesahau au kunyang'anywa vidonge seli, sindano ya kila mwezi mara nyingi ni suluhisho bora, na inamvusha siku za mahakamani.

Hatua ya 6: Mahakama

Tenganisha tiba na ripoti ya mahakama. Daktari anayemtibu mtu asiwe ndiye anayeiandikia mahakama kama mshtakiwa alikuwa na akili timamu siku ya tukio. Mgonjwa akijua hivyo, atanyamaza. Mahakama ikiwa na shaka, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu kuamuru achunguzwe hospitali ya akili, na daktari anatakiwa kupeleka ripoti ndani ya siku 42 tangu alazwe. Kazi ya teknolojia hapa ni ndogo na ya maana: jedwali linalohesabu siku, lenye tarehe ya amri, tarehe aliyofika hospitali, na tarehe ripoti ilipotoka. Siku ya 35 wakili na afisa ustawi wapate meseji. Anza kuhesabu pia tangu amri ilipotoka, kwa sababu siku za kusubiri usafiri kwenda Dodoma haziko kwenye zile 42, lakini mtu yuko ndani.

Kesi nyingi siku hizi husikilizwa kwa video, mahabusu akiwa gerezani. Kwa mgonjwa inaweza kuwa nafuu, maana hapandi karandinga kwenye jua. Inaweza pia kumficha: hakimu anaona uso mdogo kwenye skrini, haoni mikono inayotetemeka wala mtu anayejibu “ndiyo” kwa kila swali. Wakili aombe dakika chache za kuongea naye faragha kabla ya kuanza, na akiona haelewi kinachoendelea aiambie mahakama hapohapo.

Hatua ya 7: Kutoka

Hapa ndipo mifumo mingi inapoanguka. Mahabusu anaweza kuachiwa mahakamani, shauri likafutwa saa 5 asubuhi, akaondoka na nduguze huku dawa na faili viko gerezani. Kwa hiyo usingoje siku ya kutoka. Kila mgonjwa awe na kadi ndogo ya karatasi anayoibeba kila anapokwenda kutajwa, yenye namba ya faili ya hospitali, siku ya kliniki na simu ya afisa ustawi, bila jina la ugonjwa. Akienda mahakamani abebe na dozi za siku tatu, kama gereza litakubali. Bishaneni nalo mpaka likubali.

Meseji za kukumbusha zisiseme kitu. Simu ya familia inashikwa na watu watano. “Kesho saa 3 asubuhi Mwananyamala, njoo na kadi yako. Karibu” inatosha. Asipofika siku mbili, mtu apige simu kwa sauti yake. Aliyekuwa anatumia heroini aelezwe kabla ya kutoka, na ndugu yake pia, kwamba mwili umesahau kipimo cha zamani. Akirudia kilekile anaweza kufa siku ya kwanza. Kwa aliyepewa kifungo cha nje au huduma kwa jamii, afisa probesheni aarifiwe tarehe za kliniki ili asimpangie kufagia ofisi siku hiyohiyo.

Kuhusu akili unde (AI), nitasema kidogo. Mtu akikuletea programu inayotabiri nani atarudia kosa au nani atajidhuru, muulize ilifunzwa kwa taarifa za nani. Marekani, mwaka 2016, waandishi wa ProPublica walichunguza mfumo wa COMPAS na kuonesha kwamba uliwakosea zaidi watu weusi kwa kuwaita hatari wasiokuwa hatari. Mfumo uliotengenezwa kwa taarifa za huko hauna habari na Segerea.

Hatua ya 8: Kupima na kufunga

Pimeni vitu vichache: siku zinazopita tangu mtu aingie hadi apate dozi ya kwanza, kliniki ngapi za video zilikatika na kwa nini, na wangapi walifika kliniki baada ya kutoka. Idadi ya waliosajiliwa iachieni ripoti za wafadhili. Daftari la karatasi liendelee kujazwa sambamba, kwa mistari miwili tu kwa mgonjwa, kwa siku ambazo umeme na mitandao yote vimegoma.

Na tangu mkataba wa kwanza andikeni mradi ukiisha itakuwaje. Miezi mitatu kabla, hospitali ipewe orodha ya wagonjwa walio kwenye dawa na siku zao za kliniki, kila mgonjwa aambiwe nani atamwona baada ya hapo, taarifa zilizo kwenye seva ya asasi zifutwe mbele ya mtu wa hospitali na wa gereza, wote wakisaini, na vishikwambi visafishwe kabla ya kutoka zahanati.